Kivuli Kisicho na Jua

Kila aliyesoma fasihi ya Kiswahili sekondari anamjua mhusika bapa. Ni yule asiyebadilika: akiingia mwema anatoka mwema, akiingia mchoyo anatoka mchoyo. Kinyume chake ni mhusika duara, mwenye pande nyingi, ambaye ukimgeuza unakuta upande ambao hukuuona mwanzo. Mgawanyo huu tumeurithi kwa E. M. Forster, aliyeuweka katika kitabu chake cha mwaka 1927 kuhusu riwaya, na walimu wetu wakatupatia neno zuri kuliko hata lake: bapa, kitu kilicholala kama ubao, kisicho na kina. Tunapomsifia Kezilahabi kwa *Rosa Mistika* (1971), sehemu kubwa ya sifa ni hiyo. Rosa ana kina. Ana upande wa mwanga na upande wa giza, na huwezi kumjua kwa kumtupia jicho mara moja.

Leo ninalihitaji neno hilohilo, bapa, kwa ajili ya kitu ambacho sisi wapenzi wa fasihi hatukigusi: kioo cha simu. Nataka kukihakiki kama tunavyohakiki diwani. Na sehemu niliyoichagua ni ndogo mno, hata inachekesha: kivuli. Ule weusi mwepesi unaouona chini ya kitufe, pembeni ya kisanduku, nyuma ya dirisha linalojitokeza ghafla na kukuuliza "Una uhakika?".

Hoja yangu naisema mapema ili tusizungushane. Kivuli cha kwenye skrini ni sarufi kabla ya kuwa urembo. Kinamwambia msomaji kipi kiko juu, kipi kiko chini, kipi kinabonyezeka. Ukikiondoa, lazima uweke neno mahali pake. Usipoweka, kuna msomaji umemfungia mlango. Na katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, ambako nimemwona msomaji huyo kwa macho yangu, mlango ukifungwa yeye hulipa kwa namba yake ya siri.

Tuanze na jinsi kivuli hiki kinavyofanya kazi. Kioo ni bapa kweli, hakuna kitu kilicho juu ya kingine. Kila "kuinuka" unakokuona ni uongo tuliokubaliana, kama tunavyokubali kwamba sungura wa hadithini anaongea. Katika Windows 95, kwa mfano, kitufe kilichorwa kwa mistari tu: mweupe juu na kushoto, mweusi chini na kulia. Jicho likasema: mwanga unatoka juu kushoto, kwa hiyo hiki kimeinuka. Ukikibonyeza, mistari inabadilishana nafasi, na jicho linaapa kwamba kitufe kimezama. Mistari minne, tamathali kamili.

Kwa nini jicho linakubali kudanganywa kirahisi hivyo? Mwaka 1988 mtaalamu wa ubongo V. S. Ramachandran aliandika kuhusu picha za miduara iliyotiwa mwanga upande mmoja na giza upande wa pili. Miduara yenye mwanga juu watu huiona kama nundu. Yenye mwanga chini huiona kama mashimo. Igeuze picha juu chini, nundu zinakuwa mashimo na mashimo yanakuwa nundu. Ubongo umeishi miaka yote chini ya jua moja lililo juu, basi unadhani hata kwenye karatasi jua liko juu. Msanifu wa kiolesura, yaani wa ule uso wa programu tunaoushika na kuusoma, anakopa imani hiyo bila kulipa hata senti.

Baada ya mistari ya Windows 95 ikaja enzi ya vivuli laini. Mwaka 2001 madirisha ya Mac OS X yalianza kuelea juu ya vivuli vyenye ukungu. Simu na tabuleti za Apple za miaka ya mwanzo zikaenda mbali zaidi: kalenda yenye ngozi iliyoshonwa uzi, daftari lenye karatasi ya manjano, rafu ya vitabu ya mbao. Kisha watu wakachoka. Windows 8 ya mwaka 2012 na iOS 7 ya mwaka 2013 zikapiga pasi kila kitu: ngozi ikaondoka, mbao zikaondoka, na vivuli karibu vyote vikaondoka navyo. Huo ndio mtindo bapa. Mwaka 2014 Google wakajaribu njia ya katikati, mtindo walioupa jina la Material, na hapo ndipo mimi kama msomaji wa fasihi nilipoanza kuvutiwa, maana walichokiandika ni nadharia ya tamathali.

Walisema hivi: kila kitu kwenye skrini ni karatasi, na kila karatasi ina kimo chake kutoka sakafuni. Wakavitaja vimo hivyo kwa tarakimu. Kadi iliyotulia, 2. Kitufe cha duara kinachoelea, 6. Menyu inayochomoza kutoka pembeni, 16. Kisanduku kinachokuja kukuuliza swali, 24. Kadiri kitu kinavyokwenda juu ndivyo kivuli chake kinavyopanuka, kinavyolainika na kinavyosogea mbali nacho. Wahenga wa pwani waliliona hilo zamani: kivuli cha mvumo huwafunika walio mbali. Sisi methali hiyo tumezoea kuisoma kwa maana ya mkubwa anayefadhili wageni na kuwaacha wa nyumbani juani, lakini kabla ya maana hiyo ni kanuni ya macho. Kirefu hutupa kivuli mbali. Ukiona kivuli kiko mbali na mwenyewe, ujue mwenyewe yuko juu.

Na mwanga je? Katika Android 5 ya mwaka huohuo, programu iliwekewa taa moja ya kufikirika juu ya skrini, ikisaidiwa na mwanga hafifu wa pande zote. Kitufe kikikaa karibu na ukingo wa chini wa skrini, kivuli chake hurefuka kidogo kuliko kikikaa juu, kwa sababu kiko mbali na taa. Wachache wamewahi kuligundua hilo, ila jicho lao limeligundua. Ni kama vina katika shairi zuri: hasomi mtu akivihesabu, lakini kimoja kikikosekana anajikwaa.

Sasa njoo tuiangalie kazi hiyo kutoka Karagwe.

Kayanga, makao makuu ya Karagwe, iko takribani digrii moja na nusu kusini mwa ikweta. Maana yake ni kwamba mara mbili kwa mwaka, katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba, jua hupita juu ya utosi kabisa. Na kwa kuwa tuko magharibi mwa nchi huku saa zetu ni zilezile za Dar es Salaam, utosi huo haufiki saa sita bali karibu na saa saba mchana. Simama uwanjani wakati huo utaona kivuli chako kimejikunja chini ya miguu kama mbwa aliyechoka. Mwezi Juni jua liko kaskazini, na mtu mwenye urefu wa sentimita 170 hutupa kivuli cha sentimita 79 hivi kuelekea kusini. Mwezi Desemba jua limehamia kusini, na mtu huyohuyo hutupa kivuli cha sentimita 68 hivi kuelekea kaskazini. Kwa hiyo mtoto wa Karagwe anakua akijua, hata kama hajawahi kulisema, kwamba kivuli kina msimu na kinahama upande.

Jua la skrini halina msimu. Huo si ugomvi wangu. Riwaya nayo ina jua lake. Ugomvi wangu ni kwamba skrini nyingi tunazozisoma hazina hata hilo jua moja. Kwenye kurasa za wavuti kivuli huandikwa kwa mkono: tarakimu ya kusogea pembeni, ya kusogea chini, ya ukungu, ya upana, kisha rangi. Kila kitufe kinaweza kuandikiwa tarakimu zake. Basi unakuta ukurasa mmoja ambamo kadi ya juu inapigwa na jua la asubuhi, kitufe cha katikati kinapigwa na jua la jioni, na menyu ya chini ina kivuli pande zote nne kama kitu kilichoangukia wino. Ni sawa na riwaya ambayo ukurasa wa kumi msimulizi ni mtoto, wa kumi na moja ni mzee, na mwandishi hana habari kwamba amebadilisha. Msomaji hataeleza kasoro ni ipi. Atachoka tu.

Kuna kosa la pili, la rangi. Wengi wanadhani kivuli ni weusi. Ingia kwenye kibanja, lile shamba la migomba linaloizunguka nyumba kwetu, mchana wa jua kali. Kahawa iko chini ya migomba, maharage yako chini ya kahawa, na chini ya yote kuna udongo uliofunikwa majani makavu. Kivuli cha kila tabaka kina rangi yake. Cha chini ya mgomba kina ukijani kwa sababu mwanga umechujwa na jani. Cha uwanjani kina ubluu kidogo kwa sababu anga lenyewe linaendelea kumulika pale ambapo jua limezibwa. Ukingo wake nao haukatiki kama kwa wembe. Jua si nukta, ni sahani, kwa hiyo kila mita moja ya kimo huongeza ukungu wa karibu sentimita moja ukingoni. Jani lililo mita tatu juu yako lina kivuli chenye ukingo uliotawanyika kama sentimita tatu. Jani la kahawa lililogusa udongo lina kivuli chenye ukingo mkali. Hapo ndipo kina kinapopatikana. Jicho husoma kimo kwa ukungu wa ukingo. Msanifu anayemwaga weusi mtupu chini ya kila kitu kwa kipimo kimoja cha ukungu amechora uchafu, kina hakipo.

Karagwe si ngeni kwa kuchorewa kivuli na watu wa mbali. Mwishoni mwa mwaka 1861 Waingereza wawili, Speke na Grant, walifika kwenye ikulu ya Omukama Rumanyika. Grant akaugua mguu, mwenzake akaendelea na safari ya Buganda, yeye akabaki miezi kadhaa, akichora. Kitabu cha Speke kilipotoka mwaka 1863, picha zake nyingi zilitokana na michoro hiyo ya Grant. Lakini ili mchoro uchapwe enzi zile ilibidi mtu mwingine auchonge kwenye mbao, na mchongaji hana rangi ya kijivu. Ana wino au hana wino. Kivuli kwake ni mistari iliyosongamana, mwanga ni mistari iliyoachana, na kila mstari ni uamuzi: jua nimeliweka wapi? Aliyeamua hayo alikuwa na patasi yake Uingereza. Ninapozitazama picha hizo sioni ubaya wowote ndani yake. Naona tu kwamba kuna mtu alilazimika kuamua, na uamuzi ulifanywa mbali na mahali penyewe. Hali hiyo haijabadilika. Vivuli vya simu zetu vimeamuliwa ndani ya nyumba, kwenye skrini kubwa, chini ya taa za ofisi, na watu wasiotarajia kwamba kazi yao itasomwa uwanjani, saa saba mchana, mwezi wa saba, pembeni ya turubai la kahawa.

Msimu wa kahawa uliopita nilikuwa Kyerwa, wilaya iliyozaliwa mwaka 2012 ilipotengwa na Karagwe, nyumbani kwa shangazi yangu upande wa Nkwenda. Mwanawe amempa simu janja aliyoichoka mwenyewe, kioo kimepasuka kona moja. Siku hizi pesa nyingi haipokewi mkononi, inaingia benki au kwenye simu, kwa hiyo simu si starehe tena. Alikuwa anataka kulipia kitu kwa programu moja ya malipo ambayo jina lake naliacha. Skrini ilikuwa hivi: juu, kadi nyeupe yenye kivuli kizuri sana, laini, ndani yake tangazo. Chini yake, maneno mawili ya rangi hafifu, hayana mpaka, hayana kivuli: *Thibitisha* na *Rudi*.

Shangazi akaibonyeza kadi. Kimya. Akaibonyeza tena. Mara ya tatu akanitazama.

"Mwanangu, hiki kimeinuka lakini hakibonyezeki."

"Bonyeza hayo maneno ya chini, shangazi."

"Haya? Haya si maelezo tu?"

Nimesoma uhakiki mwingi wa violesura, na sijakutana na sentensi iliyopiga msumari namna ile. Kimeinuka lakini hakibonyezeki. Mama huyu ameisoma sarufi ya skrini bila makosa: kilichoinuka ndicho cha kushikwa, kilicholala ni maelezo. Aliyeandika ndiye aliyevunja sarufi. Kivuli alikipeleka kwenye tangazo, kwa sababu tangazo ndilo alilotaka lipendeze, na kitendo chenyewe, kile kinachohamisha pesa ya mtu, akakiacha kimelala kama tanbihi.

Nikamuuliza siku zote hufanyaje. Akanijibu bila wasiwasi: humpelekea kijana wa dukani, amfanyie. Na namba ya siri? "Anaijua. Ni mtoto mzuri." Sina sababu ya kumshuku kijana huyo. Lakini namba ya siri inayojulikana dukani si ya siri tena, na shangazi hakuitoa kwa sababu ni mjinga. Aliitoa kwa sababu maandishi aliyopewa hayasomeki, na mtu anayeshindwa kusoma barua yake lazima amtafute wa kumsomea. Wazee wetu waliishi hivyo enzi za barua, msomaji wa kijiji akijua siri za kijiji kizima. Tulidhani kisomo kimeyamaliza hayo. Kumbe yamerudi kwa mlango wa kioo cha kugusa.

Hapa mtu atasema: sasa unataka vivuli virudi, ngozi zirudi, rafu za mbao zirudi? Hapana. Na hapa ndipo nataka tumrudie mhusika bapa, kwa sababu nimemsema vibaya mwanzoni na anastahili utetezi.

Shangazi huyohuyo ana simu nyingine, kitochi. Kwenye kitochi anapiga *150*00#, menyu ya M-Pesa ambayo imekuwapo Tanzania tangu mwaka 2008, na hapo hamhitaji mtu. Menyu hiyo ni bapa kuliko kitu chochote kilichowahi kuwekwa kwenye kioo. Haina kivuli, haina rangi, haina picha. Ina tarakimu na neno la kitendo. Moja, fanya hiki. Mbili, fanya kile. Anasoma, anachagua, anajibu. Ubapa wake haumsumbui kwa sababu kila kitu kimetajwa kwa jina.

Ni mbinu ya Shaaban Robert. Katika *Adili na Nduguze* mwadilifu anaitwa Adili, na ndugu zake wanaitwa Hasidi na Mwivu. Wote ni bapa, na hakuna msomaji aliyepotea. Jina limefanya kazi ambayo kwa mwandishi mwingine ingefanywa na kina: linakuonyesha wa kumwamini na wa kumwogopa kabla hajafungua mdomo. Rosa naye hana jina la namna hiyo, lakini ana kina. Tunamsoma kwa mwanga na giza lake. Kila mwandishi amemwachia msomaji kitu cha kushika. Mhusika asiye na jina linalosema wala kina kinachoonekana hatuwezi kumsoma kabisa. Huyo ndiye mtindo bapa wa simu janja ulivyokuja kuwa mikononi mwa wengi: walifuta kivuli, kisha, kwa kupenda usafi, wakafuta na maneno. Wakabakiza mistari mitatu midogo kwa maana ya menyu, nukta tatu kwa maana ya "mengineyo", na neno la rangi hafifu kwa maana ya kitufe. Bapa bila jina.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Vijana wa Omurushaka hawasumbuki, utaambiwa. Wanapita humo kama samaki majini, na kesho wote watakuwa vijana wale. Ni kweli kwamba mazoea ni mwalimu. Lakini mazoea humfundisha aliye na muda na bando, tena aliyekutana na skrini akiwa mdogo. Kijana wa Omurushaka anaijua mistari mitatu kwa sababu aliibonyeza mara mia akiwa hana cha kupoteza. Shangazi kila anapobonyeza ana cha kupoteza. Fasihi yenye haki haimwandikii yule tu aliyekwisha kusoma vitabu vyote vya nyuma.

Pingamizi la tatu nalikubali nusu: kwamba kivuli laini juani hakionekani. Ndiyo. Kile kivuli cha kijivu hafifu kinachopendeza ofisini, uwanjani kwa shangazi kinamezwa na mwanga wa jua na vumbi la kioo. Kivuli cha fimbo hakimfichi mtu jua. Ndiyo maana mwongozo wa kimataifa wa WCAG, toleo la 2.1 la mwaka 2018, unataka alama zinazotambulisha kitufe zitofautiane na mandhari yake kwa uwiano wa angalau 3 kwa 1. Kivuli peke yake mara nyingi hakifiki hapo. Kinahitaji mpaka, au rangi, au neno. Lakini hilo linatufundisha kukisaidia kivuli, halitufundishi kukifukuza.

Ng'ambo ya mto Kagera, upande wa Rwanda, kuna sanaa inayolijua jambo hili kuliko kampuni yoyote. Inaitwa imigongo, nasi wasemaji wa Kiswahili hatuhitaji mkalimani: ni migongo, matuta. Mafundi wa Nyakarambi, wilayani Kirehe, wanachanganya samadi ya ng'ombe na majivu, wanaijenga kwa vidole kuwa matuta yaliyonyooka, ikikauka wanaipaka nyeusi, nyeupe, nyekundu. Rangi zenyewe ni bapa kabisa. Hakuna anayechora kivuli. Kivuli kinaletwa na tuta lenyewe, na kinatembea na siku: asubuhi upande huu, jioni upande ule. Na mpaka wa kila umbo uko wazi hata ukizima taa, kwa sababu unaweza kuufuata kwa kidole. Rangi inasema, tuta linasema, kivuli kinasema, na vyote vinasema kitu kimoja. Hicho ndicho ninachokiita kina cha kweli: ushahidi zaidi ya mmoja, unaokubaliana.

Ukilinganisha na hilo, mitindo iliyofuata ya skrini inakatisha tamaa. Kati ya mwaka 2019 na 2020 ulivuma mtindo ambamo kitufe na ukuta vina rangi moja, na kitufe kinajulikana kwa kivuli hafifu upande mmoja na mng'ao hafifu upande wa pili. Kwenye picha unafanana sana na imigongo isiyopakwa rangi. Kwenye simu ya bei nafuu, juani, ni ukuta mtupu. Juni 2025 Apple wakatangaza Liquid Glass, vitufe vya kioo kinachopitisha na kupinda mwanga wa vilivyo nyuma yake. Uhalisia wake unashangaza. Mwanga unapinda kama kwenye glasi ya maji. Lakini kitufe kinachopitisha kila kilicho nyuma yake kinamtaka msomaji asome maandishi mawili kwa pamoja, la juu na la chini. Uhalisia umefika pale ambapo haumsaidii tena anayesoma. Kwa Kiswahili cha darasani: fani imeimeza maudhui.

Sisemi kivuli hakina haki ya kuwa kizuri. Mjapani Tanizaki Jun'ichiro aliandika mwaka 1933 insha nzima ya kukisifu kivuli, akililia nyumba zilizoingiwa na balbu za umeme zikapoteza giza lao la ndani, giza ambalo ndani yake vyombo vyeusi vya kung'aa vilipata uhai. Ukisoma vizuri utaona kwamba hata kwake kivuli si pambo la kuongezwa juu. Chombo kile kilitengenezwa kwa ajili ya chumba kile na mwanga ule. Fundi alijua kitatazamwa wapi. Basi swali la Tanizaki ndilo ninalowauliza wanaotuundia programu, wakiwamo vijana wetu wenyewe wa Dar es Salaam, Nairobi na Kampala: mnajua kazi yenu itatazamwa wapi, na nani, saa ngapi?

Anayejua atafanya mambo machache. Ataweka jua moja, alilinde ukurasa hadi ukurasa. Atahakikisha kilichoinuka kinabonyezeka na kinachobonyezeka kimeinuka, na tangazo hatalipa kimo ambacho amekinyima kitufe cha pesa. Pale anapotaka ubapa, ataandika kitendo, kwa Kiswahili, kwa herufi zinazoonekana: *Tuma*, *Ghairi*, *Lipa*. Na kabla ya kuitoa kazi yake, ataitoa kwanza nje, ainue simu ya bei nafuu saa saba mchana, aone kama bado ina kina.

Kwetu wahakiki iko kazi pia. Karagwe na Kyerwa nzima, wanaofungua riwaya wiki hii ni wachache, na wanaofungua skrini ni wengi, asubuhi, mchana na usiku. Hayo ndiyo maandishi yanayosomwa zaidi kwa Kiswahili leo, na yanasomwa na watu ambao kila sentensi inaweza kuwagharimu fedha. Tumeyaachia wauzaji wayasifu. Tuna istilahi za kuyapima, tulizifundishwa sekondari: bapa, duara, sitiari, msimulizi, fani na maudhui. Tukianza kuzitumia, yule mama wa Nkwenda hatakuwa mhakiki peke yake.